Kulielewa na kulitumia neno "wellbeing": mwongozo kamili kwa Mswahili

Neno hili sasa limejaa kila mahali. Tangazo la kazi linaahidi "staff wellbeing", barua ya shule inazungumzia "pupil wellbeing", fomu ya bima ina ukurasa mzima wa "health and wellbeing", na ripoti ya mradi haipiti aya mbili bila "community wellbeing". Ukifungua kamusi unapewa "ustawi", na wengi huishia hapo. Ni jibu la haraka, na mara nyingi ndilo linalomfanya msomaji aelewe kitu kingine kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi mbili: kuandika Kiingereza chenye neno hili bila kuonekana amelibandika, na kulitoa kwa Kiswahili ambacho msikilizaji atakipokea kama kilivyokusudiwa. Mimi naliandika bila kistari katikati. Habari ya kistari ipo hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Jua linabeba nini

Kwa kifupi, "wellbeing" ni hali ya mtu kuwa vizuri: mwili una afya, moyo umetulia, maisha yanakwenda. Uzito wake uko katika kuyasema hayo yote kwa mkupuo mmoja.

Maandishi yaliyolipa neno hili nguvu ya kiofisi ni Katiba ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Ilitiwa saini New York tarehe 22 Julai 1946 na kuanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, ndiyo maana kila 7 Aprili tunaadhimisha Siku ya Afya Duniani. Humo afya inaelezwa kuwa ni "a state of complete physical, mental and social well-being", wala si kukosa maradhi au udhaifu tu. Kwa Kiswahili utakuta wengine wameandika "ukamilifu", wengine "ustawi kamili". Mimi ningesema: hali ya kuwa mzima kabisa kimwili, kiakili na katika maisha ya watu. "Ukamilifu" umezidisha, kwani mkamilifu ni Mungu.

Ona kazi ambayo neno linafanya pale. Mama aliyefiwa na mumewe anaweza kwenda hospitali, presha ikapimwa ikawa sawa, sukari sawa, malaria hana. Kwa vipimo ni "healthy". Lakini halali usiku, chakula hakipiti, na tangu arobaini iishe hajatoka nje ya ua. Hapo Mwingereza atasema "I'm worried about her wellbeing", kwa sababu "health" haitoshi. Kinyume chake pia kipo: babu mwenye kisukari anayefuata dawa zake, anakwenda msikitini kwa miguu na jioni anacheza bao barazani. Afya yake ina kasoro, lakini "wellbeing" yake ni nzuri kuliko ya vijana wengi.

Wanasaikolojia nao wana matumizi yao. Ed Diener, katika makala yake ya 1984, alishughulika na namna mtu mwenyewe anavyoyapima maisha yake: anaridhika nayo au la, ana furaha kiasi gani. Carol Ryff, mwaka 1989, akaja na mambo sita: kujikubali, uhusiano mwema na watu, uhuru wa kujiamulia, kuyamudu mazingira, kuwa na lengo maishani, na kukua kama mtu. Ukikuta neno hili kwenye makala ya kitaaluma, angalia kwanza mwandishi anafuata njia ipi, la sivyo utatafsiri "furaha" mahali anaposema "maisha yenye lengo".

Hatua ya 2: Soma neno lililokaa kando yake

"Wellbeing" ikiwa peke yake haisemi mengi. Maana hutoka kwa jirani. "Physical" inakuelekeza kwenye mwili, "emotional" kwenye hisia, "financial" kwenye mfuko, "spiritual" kwenye roho, "social" kwenye uhusiano na watu. Kisha uliza: ya nani? "The wellbeing of the child" katika kesi ya wazazi walioachana ni jambo la mahakama, na "wellbeing of our guests" katika hoteli ya Nungwi ni masaji na juisi ya ukwaju.

Kama hakuna jirani wala mwenyewe, ujue aliyeandika naye hakuwa na hakika. Mpigie simu umuulize.

Hatua ya 3: Litenge na maneno ya ukoo wake

"Welfare" ndilo linalochanganywa nalo zaidi. Hilo linahusu matunzo na ulinzi anaopewa mtu na wengine: serikali, mahakama, mwajiri, chama. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989 inasema "the child's welfare" ndiyo itakayotangulizwa na mahakama. Huko Marekani, mtu akisema fulani yupo "on welfare" anamaanisha analishwa na fedha za serikali, na mara nyingi kuna dharau ndani yake. Kenya, "welfare" ni kile chama cha ofisini au cha ukoo mnachochangia kila mwezi, ili mmoja akifiwa au akilazwa asaidiwe. Kwa hiyo "welfare" hutoka kwa watu kumwendea mtu, na "wellbeing" ni hali aliyo nayo mtu mwenyewe.

"Wellness" ina biashara ndani yake. Halbert Dunn, daktari na mtakwimu wa Marekani, ndiye aliyeipa umaarufu kwa mihadhara yake na kitabu cha 1961, akimaanisha mtu kujitahidi kupanda ngazi za afya badala ya kusubiri augue. Mwaka 1975 John Travis akafungua kituo cha "wellness" huko Mill Valley, California. Tangu hapo neno limekwenda zaidi kwenye gym, spa, chai za majani na vidonge vya lishe. Ukiandika "wellness" kwenye ripoti ya watoto yatima, msomaji atashangaa kidogo.

"Happiness" ni furaha. Mtu anaweza kuwa nayo leo na kesho ikaondoka. "Well-off" na "well-to-do" ni habari ya uwezo wa fedha.

Kuna mtego mdogo ambao hata wasomi hunasa: "all being well". Hauhusiani kabisa na nomino yetu. Maana yake ni "mambo yakienda sawa", yaani palepale tunapoweka "inshallah" au "Mungu akipenda".

Hatua ya 4: Liweke vizuri kwenye sentensi ya Kiingereza

Ni nomino isiyohesabika. Hakuna "a wellbeing", hakuna "wellbeings". Wala si kitenzi au kivumishi: "she is wellbeing" haipo, sema "she is well".

Vitenzi vinavyoambatana nalo ni vichache na vinajirudia: "improve", "promote", "protect", "support" kwa upande mzuri, "affect", "harm", "threaten" kwa upande mbaya. Mfano: "Sleep is essential to our wellbeing." Au: "The school is responsible for the wellbeing of its boarders." Hisia ya ghafla ya kuona dunia imekaa sawa, kama ile baada ya kuoga kutoka shamba na kikombe cha chai mkononi, huitwa "a sense of wellbeing".

"Good wellbeing" husikika mara kwa mara huku kwetu, na nadhani chanzo ni Lengo la 3 kati ya yale 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015: "Good health and well-being". Ukilisoma vizuri, "good" pale inahitajika na "health", kwa kuwa afya yaweza kuwa njema au mbaya. "Well-being" tayari ina wema wake ndani. Si kosa la kufukuzwa kazi, lakini linafaa kufutwa.

Usilitumie kwenye salamu. "How is your wellbeing?" inamfanya mtu ahisi yuko mbele ya afisa. Kwa rafiki sema "How have you been?", kwa barua ya kazi "I hope you are well" inatosha. Na ukitaka kumwandikia mtu heri za Idi, Krismasi au siku ya kuzaliwa, "I wish you health and happiness" ina joto zaidi. "Wellbeing" kwenye kadi ina harufu ya mkutano.

Matamshi hayana taabu: wel-bi-ing, mkazo kwenye "bi". Bahati nzuri Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wako utakupeleka penyewe.

Hatua ya 5: Lilete kwa Kiswahili, kwa kuangalia nani anasikiliza

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na "ustawi" lenyewe. Ni neno zuri na lina shina la uhai: mahindi yamestawi, migomba imestawi, mji umestawi. Limo hata kwenye wimbo wa taifa wa Kenya wa 1963, "raha tupate na ustawi", na ubeti wa Kiingereza mahali hapo unasema "Plenty be found within our borders". Yaani "ustawi" wa pale ni wa wingi na neema: ghala limejaa, nchi inaendelea.

Lakini Tanzania neno hilo limekalia kiti cha ofisi. Kuna afisa ustawi wa jamii katika kila halmashauri, kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inayowafundisha, na kwa miaka mingi tulikuwa na Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Mtaani mama akisema "nitakupeleka ustawi", baba anajua kuna suala la matunzo ya mtoto. Sheria ya wanyama ya 2008 nayo ni ya "ustawi wa wanyama". Pote humo, Kiingereza chake ni "welfare". Sasa mtu wa mradi anapofika Tandale na kumwambia mama, "Tumekuja kuzungumzia ustawi wako," mama anaweza kabisa kudhani ameshtakiwa.

Kwa hiyo iache "ustawi" kwenye maandishi rasmi, hasa yanayozungumzia jamii nzima, taifa au mazingira: "ustawi wa wananchi", "afya njema na ustawi". Humo inakaa sawa. Ukimzungumzia mtu mmoja ana kwa ana, chagua kulingana na kinachosemwa.

Mwili na hali kwa jumla: "afya njema", "siha", "uzima". Hili la tatu limepuuzwa bila sababu. "Mzima" ni asiye mgonjwa na pia ni asiye na kipande kilichopungua, na ndivyo WHO ilivyokusudia. "U mzima?" "Mzima, namshukuru Mungu." Katika mazungumzo hayo mtu hujibu kuhusu mwili, nyumba na watoto kwa pamoja. Kanisani "uzima wa kiroho" hauhitaji maelezo, na ndiyo tafsiri yangu ya "spiritual wellbeing" kwa Wakristo.

Barua: tumia "buheri wa afya". Wale waliosoma shule za msingi za zamani hawajasahau "natumai u buheri wa afya, nami pia sijambo". Kama "I hope this finds you well" inakusumbua, jibu lake lipo pale tangu zamani.

"Mental wellbeing" inataka tahadhari. "Ustawi wa akili" ni tafsiri ya neno kwa neno na haimgusi mtu. Kibaya zaidi, kwa wengi "akili" ni werevu, na "mgonjwa wa akili" ni yule anayeokota makopo barabarani. "Afya ya akili" imeanza kuzoeleka redioni na kwenye kliniki, itumie kwenye mabango na nyaraka. Ukiwa na mtu uso kwa uso, "utulivu wa moyo" au "amani ya nafsi" inafungua mazungumzo, na "msongo wa mawazo" inataja tatizo bila kumvunjia mtu heshima.

"Financial wellbeing" nimeiona imeandikwa "ustawi wa kifedha", na haina ubaya kwenye brosha ya benki. Kwa mkopaji wa kikoba, sema "kuwa na fedha za kutosha mahitaji na akiba ya dharura". Ni ndefu, lakini anajua unachosema.

Kisha kuna "staff wellbeing". Hapa usiteleze kabisa. Wengi huandika "maslahi ya wafanyakazi", maana linasikika zuri na la kiungwana. Kwa mfanyakazi wa Kitanzania, maslahi ni mshahara, posho, malimbikizo na kupandishwa daraja. Ndilo neno la Mei Mosi. Mkurugenzi akitangaza "mwaka huu tutaboresha maslahi yenu" huku mkononi ana ratiba ya mazoezi ya viungo na mshauri nasaha wa mara moja kwa mwezi, atapata shangwe ambazo atazijutia. Kama kilichokusudiwa ni hayo mazoezi na ushauri, andika "afya na utulivu wa wafanyakazi kazini". Na kama ni fedha, basi "maslahi" ndilo neno, libaki.

Kwa mtoto kuna msamiati wa sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 ina "maslahi bora ya mtoto", lakini hiyo ni tafsiri ya "best interests", kipimo ambacho hakimu anakitumia kuamua. "Child wellbeing" ni pana: anakula, anasoma, analala salama, anapendwa, anacheza. Kwenye kikao cha wazazi "malezi na maendeleo ya mtoto" inaeleweka zaidi kuliko "ustawi wa mtoto", na wala hakuna atakayeanza kumtafuta wakili.

Hatua ya 6: Fomu na madodoso, tafsiri kwa kumsikiliza anayejibu

Chukua dodoso la WHO-5, lililotolewa mwaka 1998 kupima hali hii. Lina sentensi 5 tu kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila sentensi hupata alama 0 mpaka 5, jumla huzidishwa mara 4 ili ifike 0 mpaka 100, na mtu akiwa chini ya alama 13 kati ya 25 inashauriwa achunguzwe zaidi kwa sonona. Ni fupi, ila kila mstari una mwiba wake.

Sentensi ya kwanza inasema "cheerful and in good spirits". Ukishika "spirits" ukaleta "roho nzuri", umebadilisha swali: mwenye roho nzuri kwetu ni mkarimu asiye na kinyongo. Mama atajibu "ndiyo, siku zote", kwa sababu nani atajiita mwenye roho mbaya mbele ya mgeni? Kinachoulizwa ni uchangamfu: "nimekuwa na furaha na moyo mkunjufu".

"Calm and relaxed": "nimekuwa nimetulia, bila wahaka". "Active and vigorous": "nimekuwa na nguvu na wepesi wa kufanya mambo", ukiweka "mchapakazi" umeuliza tabia. Sentensi ya nne, ya kuamka "fresh and rested", ni rahisi kutafsiri na ngumu kujibiwa na mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota maji. Anaweza kusema "ninaamka nimechoka" na moyo wake hauna neno lolote. Hilo mtafsiri hawezi kulitengeneza, ila anayesoma majibu alijue.

Majibu yenyewe ni mtihani mwingine. Kiingereza kina ngazi sita kutoka "all of the time" hadi "at no time", na katikati kuna "most of the time", "more than half of the time", "less than half of the time" na "some of the time". Ukiandika "mara nyingi", "mara kwa mara", "mara chache" na "wakati mwingine", watu wanne watazipanga kwa namna nne. Wiki 2 ni siku 14. Fundisha wahojaji waifafanue kwa siku: zaidi ya nusu ni siku 8 na kuendelea. Mhojiwa atahesabu siku hizo kwa vidole na jibu litakuwa na maana.

Kabla hujatafsiri kipimo chochote cha namna hii, tafuta kwanza kama ipo tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kupimwa na watafiti. Ikiwepo, itumie kama ilivyo hata kama kuna neno lisilokupendeza. Ukiibadilisha, majibu yako hayatalinganishwa na ya wengine. Isipokuwepo, tafsiri, mpe mtu wa pili airudishe kwa Kiingereza bila kuona ile ya awali, kisha kaa na watu wachache wa eneo husika uwaulize: "Swali hili limekuuliza nini?" Watu wa Pemba, Kisumu na Bukavu hawatakupa jibu moja, na ni heri kulijua hilo kabla ya kuchapisha nakala.

Hatua ya 7: Kistari

"Well-being" na "wellbeing" zote ni sahihi. Marekani bado wanapenda kistari, na kamusi ya Merriam-Webster inakiweka. Uingereza, Australia na New Zealand wanazidi kuandika neno moja. Usiandike maneno mawili yaliyoachana, "well being". Chagua namna moja na uishike toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ila majina rasmi yabaki kama wenyewe walivyoyaandika: sheria ya Wales ya 2015 kuhusu vizazi vijavyo ina kistari, na ile bajeti ya New Zealand ya 2019, "Wellbeing Budget", haina.